Skii za unga au za theluji iliyotifuliwa? Jibu langu baada ya misimu 6 Hokkaido

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kuanza kuandika. Unaondoka Dar mwezi wa 9 kwenda kusoma Innsbruck, Austria, miaka 2, una kilo 84, uliteleza misimu 3 ulipokuwa Kanada, na hela yako inatosha jozi moja tu ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Muuzaji wa mtumba kule amekuwekea jozi mbili, Atomic Bent Chetler 120 na Völkl Katana 108 (namba ni kiuno, yaani upana wa katikati ya skii kwa milimita), zote za urefu wa sentimita 184. Rafiki zako wanakuvutia kwenye ile pana, wanasema unga, yaani theluji mpya, kavu na laini, ndio utamu wenyewe. Mimi nasema chukua Katana. Naandika kirefu kwa sababu uamuzi unaotaka kuufanya nilishawahi kuufanya mimi, ukanilaza wiki 3 goti likiwa limevimba.

Nilikaa Sapporo, kisiwani Hokkaido, Japani, miaka 6 kwa masomo. Kila chuo kikifunga mwezi wa 12 nilipanda treni ya kupitia Otaru hadi Kutchan, mji ulio chini kabisa ya Niseko, milima ya kutelezea, nikafanya kazi kwenye duka la kukodisha skii. Kazi yenyewe ilikuwa kupaka nta, kunoa kingo na kufunga vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye skii. Malipo yalikuwa ya kawaida, lakini siku ya mapumziko tuliruhusiwa kuondoka na jozi yoyote ambayo mteja hakuichukua. Kwa hiyo ninazozitaja hapa nimezisimamia kwa miguu yangu, nyingine siku nzima, nyingine msimu mzima.

Nianze na theluji yenyewe, maana watu wengi wanachagua skii kwa kuangalia video. Hokkaido inapata unga kwa sababu upepo baridi wa Siberia unavuka Bahari ya Japani, unazoa mvuke njiani, halafu ukigonga milima unaumwaga wote. Inashuka theluji kavu, nyepesi, ukiipuliza kiganjani inaruka kama unga wa muhogo unaochekechwa. Asubuhi lifti zinafunguliwa saa 2 na nusu. Ukiwahi, upande wa Hirafu pale Niseko unazama hadi magotini na husikii sauti yoyote chini ya miguu. Raha hiyo siwezi kuielezea ikaeleweka kwa mtu ambaye hajaionja.

Sasa tazama saa. Ikifika saa 4 kila mteremko umeshapitiwa na mamia ya watu. Saa 5 huoni tena shuka jeupe lililonyooka. Unaona shamba lililotifuliwa na trekta: mabonge, mifereji, matuta, na katikati yake vipande vidogo vya unga ambavyo havijaguswa. Pua ya skii inakutana na kitu kipya kila mita. Laini, ngumu, laini, tuta, laini tena. Na theluji hiyo ndiyo utakayokuwa nayo hadi lifti zifungwe jioni. Ukipiga hesabu ya siku nzima, unga ambao haujaguswa unaupata kwa saa moja, ukibahatika mbili. Zilizobaki zote ni za theluji iliyotifuliwa. Skii yako inunue kwa ajili ya hizo.

Msimu wangu wa pili sikuwa nalijua hili. Niliazima skii moja pana, nyepesi mno, jina lake silitaji. Asubuhi ilikuwa kama kupanda wingu. Saa 5 nikashuka nayo kwa kasi ileile niliyoizoea asubuhi, pua ikagonga bonge, ikaruka kushoto, mguu mwingine ukaenda kulia. Kifungio cha kulia kiliachia buti kama inavyotakiwa, cha kushoto kikachelewa. Goti la kushoto ndilo lililolipa. Nilipopona, mzee mmoja wa pale dukani alinipa skii nyembamba zaidi, nzito, ina chuma ndani, akaniambia nirudi mteremko uleule saa ileile. Nilishuka kama niko kwenye mteremko mwingine kabisa.

Wewe ni mtu wa Dar, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya pwani. Baba yangu mdogo alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba nazi kutoka Mafia kuja hapa. Akishapakua mzigo, harudi tupu hata siku moja. Lazima apakie farumi, mawe au mchanga, hata kama njia ni ileile na upepo ni uleule. Jahazi tupu linarushwa na kila wimbi, lenye uzito chini linapasua. Kwenye maji yaliyotulia ndani ya bandari huoni tofauti. Ukitoka nje wakati wa kusi ndipo unajua nani amepakia farumi na nani hakupakia. Skii nyepesi kwenye theluji iliyotifuliwa ni jahazi tupu kwenye kusi.

Farumi ya skii ni vitu viwili. Kwanza uzito wenyewe: skii iliyozidi kilo 2 kila mguu haikubali kusukumwa na bonge kirahisi. Pili ni Titanal, bamba jembamba la aloi ya alumini linalogandishwa juu na chini ya mti ulio moyoni mwa skii. Bamba hilo linaipa ugumu wa kutosokoteka, na likishirikiana na mti na tabaka laini za mpira linameza mtetemo kabla haujafika kwenye buti. Mti nao una tabia zake. Paulownia ni mwepesi sana, mpopla uko katikati, beech na ash ni mizito na inatuliza. Ukisoma maelezo ya skii, soma mistari hiyo kabla ya kuangalia upana.

Sasa hizo mbili zako. Bent Chetler 120, iliyopewa jina la mtelezaji Chris Benchetler, imeundwa kwa ajili ya unga mwingi na michezo ya kuruka na kuzunguka. Ni pana, iko chini ya kilo 2 kila mguu, pua na mkia vimeinuka, inageuka kwa wazo tu. Kwenye misitu ya mibetula ya Niseko asubuhi mapema sijui kama kuna iliyonifurahisha kuizidi. Anayeishi Hokkaido na ana jozi ya pili nyumbani, namwambia ainunue bila kusita. Ila wewe unanunua jozi moja, na unaipeleka Tirol, mkoa ulipo mji wa Innsbruck.

Katana 108 ni mnyama mwingine. Titanal yake imewekwa kama fremu pembezoni, haikufunikwa bamba zima, kwa hiyo ina nguvu ya chuma bila kuwa ubao mfu. Ukiilaza kwenye kingo inashika, na ukiipeleka kwenye mabonge kwa kasi inazidi kutulia. Mara ya kwanza nilidhani theluji ya siku ile ilikuwa nzuri kuliko kawaida. Nikabadilisha skii mchana, nikagundua theluji ilikuwa mbaya kama siku zote. Kwenye unga wa magotini haielei juu kama ile ya 120, unakaa ndani zaidi na unahitaji kasi kidogo ili pua ipande. Kwa kilo 84 na urefu wa 184 haitakuzamisha.

Kuna mdau humu amekutajia Nordica Enforcer 110 Free. Amesema kweli, ni skii nzuri, ina bamba mbili za Titanal, na kwenye theluji iliyotifuliwa inapita kama lori. Ila ni nzito, na mchana miguu ikichoka utaujua uzito huo. Blizzard Cochise 106 nayo ni ya kundi hilo, tena kali zaidi: inamtaka mtu anayeegemea mbele muda wote, ukiegemea nyuma inakuburuta. Kwa misimu 3 uliyonayo naona bado.

Ambayo ningependa uiongeze kwenye orodha ni Salomon QST Blank. Kiuno milimita 112, haina chuma hata kidogo, lakini si nyepesi, inavuka kilo 2, na kwenye pua wameweka kizibo, yaani gome la mti lilelile la kufungia chupa, ili kumeza mtetemo. Nilipoisoma sikuamini. Nilipoipanda nilielewa kwamba uzito uliowekwa mahali pake unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya chuma. Inasamehe makosa kuliko Katana. Muuzaji akikwambia Katana imeshaondoka, tafuta hiyo.

Upana nisiuzungumze sana, ila kumbuka mtindo wa skii pana ulikotoka. Hadi mwaka 2002 mtelezaji Shane McConkey alipoleta Volant Spatula, skii iliyopinda kinyume cha zote zilizokuwepo, wengi waliteleza kwenye unga na vitu vyembamba sana kwa macho ya leo. Mwaka 2006 kampuni ya skii ya K2 ikaja na Pontoon yenye kiuno cha milimita 130. Tangu hapo watu wamezoea kudhani pana zaidi ni bora zaidi. Pana inaelea, hilo halina ubishi. Lakini kwenye theluji ngumu kingo ya skii pana iko mbali na mstari wa mguu wako, na kila unapoilaza ni goti na kifundo vinavyofanya kazi ya ziada.

Na Innsbruck theluji ngumu utaiona sana. Ule mji una upepo wa kusini wenye joto unaoitwa Föhn. Unaweza kulala juu kuna unga, ukaamka umelainika, usiku ukaganda kama sakafu. Axamer Lizum, palipofanyika mbio nyingi za milimani za Olimpiki za 1964 na 1976, ni karibu na mji, na Nordkette unapanda kwa kebo kutoka mjini kabisa hadi Hafelekar, zaidi ya mita 2,200. Miteremko ya kule juu ni mikali mno. Mahali kama hapo hutaki kitu kinachodunda chini ya miguu. Milimita 104 hadi 110 ndipo ningebaki kwa jozi moja ya milima ya Alps.

Jambo la mwili wako. Skii yenye nguvu inamtaka mtu mwenye nguvu, na Katana ikikukuta umechoka haitakuonea huruma, hasa mkia wake. Umebakiza miezi kadhaa hapa Dar. Kimbia kwenye mchanga mkavu wa Coco Beach, ule wa juu usiolowa, mara 3 kwa wiki, na chuchumaa na kusimama hadi mapaja yawake. Mimi nilifanya hivyo kabla ya msimu wangu wa tatu, na tofauti ilikuwa saa 8 mchana, wenzangu wakiwa wamekaa na mimi bado nashuka.

Vifungio usivifanyie ubahili. Breki yake lazima iwe pana kuliko kiuno cha skii, kwa 108 tafuta ya 110 au kidogo zaidi, na kipimo cha kuachia buti kiwekwe na fundi mwenye mashine, akijua uzito wako, urefu, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza. Goti langu la kushoto lingekuwa zima kama siku ile ningepoteza dakika 15 dukani.

Na ukitoka nje ya njia zilizolazwa na mashine, usitoke bila kifaa kinachotoa ishara ukifukiwa na maporomoko ya theluji, koleo na fimbo ya kutafutia aliyefukiwa, na mwenzako awe navyo pia na ajue kuvitumia. Niseko njia zote za nje zina mageti, geti likifungwa hakuna anayepita. Alps mahali pengi hakuna wa kukuzuia, kwa hiyo soma taarifa ya maporomoko ya theluji kila asubuhi kabla ya kula.

Umeuliza pia kama utaweza kurudi nazo Dar. Utaweza, ila bahari itazila usipoangalia. Zangu nilizileta Mbezi Beach nikaziegemeza ukutani, masika moja tu kingo zikawa nyekundu kwa kutu. Fundi wa kunoa aliziokoa kwa shida. Siku hizi nazipaka nta nene tumboni na juu ya kingo zote, siikwangui, nazifunga kwenye blanketi kavu na kuzilaza chini ya kitanda. Darini usiziweke, joto la chini ya bati si rafiki wa gundi.

Kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akupigie picha 4 za ile Katana. Tumbo lote kwenye mwanga wa jua, ili uone mikwaruzo iliyofika kwenye mti. Kingo kwa ubavu, ili uone kama kuna mahali zimepasuka au zimeachia. Juu, palipofungwa vifungio, uhesabu matundu: seti moja ni sawa, mbili unaweza kuvumilia, tatu achana nayo. Na ya mwisho, skii mbili zikiwa zimebanwa tumbo kwa tumbo, zikionekana kwa ubavu, uangalie kama zinagusana sawasawa pande zote mbili. Zitume humu nitaziangalia usiku huohuo.