Vitenzi vya Kiingereza vinavyochanganya: anzia kwenye Kiswahili chako

Wengi wanaoanza Kiingereza ukubwani huja na daftari lenye safu mbili: huku neno la Kiingereza, huku maana yake. Nafundisha jioni hapa Ujiji, na wanafunzi wangu ni bodaboda, wauza dagaa, na vijana wanaotaka kutembeza wageni kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe. Jambo la kwanza ninalowaomba ni kuacha daftari la namna hiyo. Kitenzi kiandike ndani ya sentensi nzima, pamoja na kile kinachokifuata.

Chukua "borrow" na "lend". Utasikia sana "Borrow me your pen". Chanzo ni kuazima, maana kwetu kitenzi hicho kinafanya kazi pande zote mbili: mimi naazima kalamu kwako, nawe unaniazima. Kiingereza hakikubali hivyo. Basi weka kuazima pembeni, ushike kukopa na kukopesha. Pale soko la Mwanga hakuna anayechanganya nani kakopa na nani kakopesha. "Borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha: "Can I borrow your pen?" au "Lend me your pen." Njia hiyo hiyo inakupa "remember", kukumbuka, na "remind", kukumbusha. Ukitaka mtu akukumbushe kupiga simu, sema "Remind me to call."

"Say" na "tell" vinasumbua zaidi, na hapa Kiswahili kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mama mmoja muuza dagaa aliniambia "She said me the price". Nikamwomba aigeuze neno kwa neno. "Alisema mimi bei," akajibu, kisha mwenyewe akajirekebisha: "Aliniambia bei!" Hapo hapo akaipata: "She told me the price." Kuambia lazima kubebe mtu: ameniambia, nimekuambia. Huwezi kusema "nimeambia" ukaishia hapo ukimaanisha kwamba wewe ndiye uliyemwambia mwenzio. "Tell" nayo kwa kawaida hutaka mtu baada yake. "Say" haimhitaji, na ukimtaja unatanguliza "to": "She said to me". Yapo machache yanayokwenda kivyake, kama "tell the truth" na "tell a story". Yakariri yalivyo.

Wapenda mpira, angalieni kushinda. Tunashinda mechi na tunaishinda timu, kitenzi kimoja. Kiingereza kinatenganisha: mechi ni "win", timu ni "beat". "Mashujaa won the match", lakini "Mashujaa beat Simba". "Mashujaa won Simba" si sahihi, hata kama wote mtaani wanaisema. Na "beat" haibadiliki wakati uliopita, inabaki "beat".

Kwa vijana wa Gombe: kitu kikijitokeza machoni pako, ni "see". Ukikielekezea macho, ni "look at", na hiyo "at" usiiache. Ukikifuatilia kinavyotenda kwa muda, ni "watch". Mtafiti Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960, kazi yake na sokwe ilikuwa hiyo "watch". Mgeni mwambie "Look at that tree", kisha "Let's watch the chimpanzees".

"Do" na "make" sina kanuni ya kukupa inayoshika kila mahali, kwa sababu zote mbili ni kufanya. "Do your homework", "make a mistake", "do business", "make a phone call": andika sentensi nzima, uzisome kwa sauti kila jioni mpaka ulimi uzizoee.