Video ya harusi: ibane mara moja tu, tena mwishoni

Kiangazi kikifika Lubumbashi, harusi zinafuatana, na baada ya harusi wanafuata watu wenye kilio kilekile: video ilikuwa safi kwenye simu, imepita kwenye kompyuta, imetoka na miraba miraba. Lawama inaangukia kompyuta kwamba imezeeka, au programu kwamba ni ya bure. Mara nyingi vyote viwili havina kosa.

Kinachochakaza picha ni kubanwa, yaani faili kupunguzwa ukubwa, tena na tena. Simu yenyewe hubana tangu inaporekodi: huhifadhi fremu chache (zile picha moja moja zinazounda video) zikiwa kamili, na katikati yake huandika tu kilichobadilika. Bila hivyo sherehe nzima isingeenea simuni. Ukilifungua faili hilo ukakata kidogo na kulitoa upya kama video mpya, kompyuta inabana kitu kilichokwisha kubanwa, na kilichotupwa hakirudi. Kesho unachukua toleo hilohilo, unaweka muziki, unalitoa tena. Keshokutwa shangazi anataka jina lake liandikwe, mzunguko mwingine.

Uharibifu wenyewe una mahali pake. Mzee akiketi mbele ya ukuta mweupe na kutoa hotuba, atabaki safi hata video ikibanwa vibaya. Tazama bibi harusi anapoingia akicheza: maliputa ya mashangazi yenye maua madogo, noti zinapeperuka, taa za rangi zinawaka na kuzima, karatasi za kung'aa zinamwagika kutoka juu. Kila kitu kinabadilika kwa mpigo, nafasi ya kukiandika haitoshi, na yale maua yanayeyuka kuwa vipande vya rangi moja. Mimi nikikagua kazi ya mtu naenda moja kwa moja pale. Hotuba siitazami.

Kwa hiyo anza na faili la asili. WhatsApp hubana video iliyotumwa kama video. Kama kebo hakuna, itume kama hati, ile sehemu ambayo simu zetu za Kifaransa huiandika “Document”, nayo itafika jinsi ilivyo, mradi isizidi GB 2. (Na tafadhali, yaya, usiniletee video uliyoichukua kwenye statut ya mtu.) Ukitumia fleshi ikakataa faili kubwa huku nafasi ipo, huenda imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao haipokei faili linalofika GB 4. Ipange upya kwa exFAT, lakini kwanza toa vilivyomo, maana vitafutika.

Kama unataka kukata tu mwanzo na mwisho, huhitaji kubana chochote. Programu za LosslessCut na Avidemux zinaweza kunakili picha ilivyo. Kasoro yake ni kwamba kipande lazima kianzie kwenye fremu kamili, hivyo mkato unaweza kuangukia sekunde moja au mbili kabla ya pale ulipotaka. Kwa harusi hilo si neno. Tena kazi inaisha upesi, na mjini kwetu, ambako umeme unaweza kuondoka bila kuaga, hilo si jambo dogo.

Muziki, majina na kuunganisha simu za ndugu watatu ni kazi ya programu kama Shotcut au Kdenlive. DaVinci Resolve ina toleo la bure pia, ila inataka kompyuta yenye misuli. Mradi, yaani faili ambalo programu huhifadhi humo mpangilio wa kazi yako, uwe na vipimo vya rekodi: kama simu nyingi zilirekodi 1080 kwa fremu 30 kwa sekunde, usiweke 25, wala usitoe 4K ukidhani utaongeza kitu. Kompyuta ikikwama, iambie programu itengeneze nakala nyepesi za kufanyia kazi. Wakati wa kutoa itarudi kwenye faili za asili. Halafu hifadhi mradi wenyewe. Shangazi akirudi, unafungua mradi, unaandika jina, unatoa upya kutoka kwenye rekodi za asili. Lile toleo la jana usiliguse.

Wakati wa kutoa, chagua H.264, ambayo ni njia ya kubana video, na upime kwa ubora, usipime kwa ukubwa wa faili. Kipimo kinaitwa CRF: namba ikishuka, picha inapanda. Kawaida yake ni 23. Kwa harusi mimi huweka 18. Shotcut huonyesha asilimia, na 65 ni karibu hapohapo. Faili litakuwa zito. Liache liwe zito.

Wenye kaseti za MiniDV za miaka ya 2000, tafuteni kompyuta yenye tundu la kebo ya FireWire, achaneni na ile kebo ya njano. FireWire hunakili kilichomo kwenye kaseti bila kubana upya, karibu GB 13 kwa saa moja. Mtu akitembea na ukaona kingo zake zina meno ya kitana, ni mistari ya televisheni za zamani. Iondoe mara moja tu, katika mradi.

Toleo dogo la WhatsApp la kundi la familia nalo litoke kwenye mradi, lisitoke kwenye lile zito. Na kabla hujafuta chochote simuni, fungua kila faili kwenye diski ulitazame hadi mwisho, hasa lile lililokuwa likinakiliwa umeme ulipokatika.