Udaktari wa bure Marekani: jibu la shangazi

Binti ya kaka yangu amemaliza KCSE na A yake, na kwenye kundi la WhatsApp la familia akanitupia maswali matatu kwa mpigo. Je, ni kweli kuna vyuo Marekani vinavyosomesha madaktari bure? Baba auze kipande cha shamba kule Voi ili yeye aje? Na mimi shangazi yake, niliye mwaka wa nne wa udaktari hapa Minnesota, naweza kumdhamini mkopo? Wengine wakadakia kwamba hata wao wanasubiri jibu. Haya, jibu ni hili, na najua halitawafurahisha wote.

Kabla ya pesa, jueni kwamba hapa mtu hatoki sekondari akaingia udaktari moja kwa moja kama huko Kenya. Unasoma digrii ya kwanza miaka minne, unafanya mtihani unaoitwa MCAT, ndipo unaomba nafasi ya kusoma miaka mingine minne. Video mnazotumiana huwa zinazungumzia hiyo minne ya mwisho tu.

Vyuo vya bure vipo, si porojo. Chuo kikuu cha NYU cha New York kilitangaza mwaka 2018 kwamba wanafunzi wake wote wa udaktari hawatalipa karo tena. Februari 2024 Dkt. Ruth Gottesman akatoa dola bilioni moja kwa chuo cha udaktari cha Albert Einstein kule Bronx, karo ikafutwa. Miezi michache baadaye ikatoka bilioni nyingine moja ya tajiri Michael Bloomberg kwa chuo cha Johns Hopkins, ambako familia nyingi zenye kipato cha chini ya dola 300,000 kwa mwaka ziliondolewa karo, na walio chini ya 175,000 wakaongezewa gharama za kuishi. Hizo ndizo habari zinazozunguka. Lakini nchi hii ina vyuo vya udaktari zaidi ya 150, na hivyo vichache vya bure vinakimbiliwa na kila mwenye alama kali kutoka pwani hadi pwani. Halafu karo ikifutwa, mwenye nyumba wa New York bado anataka kodi yake.

Sisi wengine tunasoma kwa deni.

Na hata hilo deni si la kila mtu. Mkopo wa serikali kuu wanapewa raia, wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), wakimbizi na waliopewa hifadhi. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati hata senti, hata awe na akili za kutisha. Vyuo vingi vya udaktari havimpokei kabisa, na kati ya vinavyompokea, vingi vinataka athibitishe au aweke kwenye akaunti maalumu karo ya mwaka mzima, vingine ya miaka yote minne, kabla hajakanyaga darasani. Chuo cha binafsi, ukijumlisha karo na maisha, kinaweza kupita dola 90,000 kwa mwaka. Zidisha mara nne, geuza shilingi: zaidi ya milioni 46. Harambee zetu za kumpeleka mtu Marekani mnazijua. Tiketi, koti la baridi, karo ya muhula wa kwanza, kisha Mungu atajua. Kwa udaktari, harambee ya namna hiyo haifiki hata getini.

Mimi niliingia na grini kadi ya bahati nasibu, nikawa nahudumia wazee usiku kwenye kituo na kusoma mchana. Kwa hiyo mkopo ninao, na huo ndio watu wa nyumbani wanauita "pesa za serikali". Unaingia chuoni kwanza, chuo kinakata karo yake, kinachobaki ndicho ninachokula, ninacholipia kodi na basi mpaka muhula ujao. Chuo kina bajeti iliyoandikwa ya mwanafunzi mmoja: chumba, chakula, vitabu, bima, usafiri. Ukiwa na mtoto unaweza kuomba wakuongezee gharama za malezi. Karo ya mdogo wako aliye Taita haina kisanduku kwenye ile fomu. Kwa hiyo ninapotuma kidogo, huwa natuma deni langu mwenyewe, na ninapokaa kimya si kwamba nimejivuna.

Riba inaanza kuhesabiwa siku pesa zinapotoka, si siku unapomaliza. Kwa mwaka wa masomo 2025/26 ni asilimia 7.94 kwa mkopo wa kawaida wa ngazi yetu. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya huko mnayoilalamikia, ni asilimia 4. Dola 50,000 kwa riba hiyo zinazaa karibu dola 4,000 kwa mwaka, zaidi ya nusu milioni ya shilingi, na wewe bado unakariri mifupa ya mkono. Mhitimu wa kawaida mwenye deni anatoka akidaiwa takriban dola 200,000. Zamani kulikuwa na mkopo wa pili wa serikali uliojaza pengo lote lililobaki. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeufunga kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na wanafunzi wa udaktari wakawekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Chuo kikitaka 90,000, hizo 40,000 nyingine ni za kutafuta benki.

Ruzuku za chuo chenyewe, zile zisizorudishwa, ndizo zilizonichosha. Fomu ya serikali inamhesabu mwanafunzi wa udaktari kuwa mtu mzima anayejitegemea. Vyuo vingi havikubali hivyo: vinataka mapato ya wazazi hata kama una mvi. Baba yangu ni mstaafu wa reli. Fomu ikauliza thamani ya nyumba yake, mapato ya biashara, marejesho ya kodi. Nikaandika shamba la mahindi linalotegemea mvua, na mbuzi nikawatia kwenye "mali nyingine". Ofisi moja ikataka uthibitisho, baba akaenda kwa chifu, barua ikaja na muhuri wa zambarau. Wakanijibu wakiuliza huyu chifu ni nani na ana mamlaka gani ya kuthibitisha kipato cha mtu. Jaribu kumweleza hilo mtu ambaye kwake chifu ni bwana mwenye manyoya kichwani. Mwishowe ruzuku ikatoka, ndogo, ila ya kudumu.

Kuna njia ya jeshi, na ile ya National Health Service Corps, mpango wa serikali wa kupeleka madaktari kwenye uhaba: wanakulipia, nawe unatumikia miaka kadhaa wanakotaka. Zote mbili za raia tu. Na kuna msamaha wa deni uliowekwa mwaka 2007 kwa wanaofanya kazi serikalini au hospitali zisizo za faida: unalipa kila mwezi kulingana na kipato, mara 120, kinachobaki kinafutwa. Miaka ya mafunzo hospitalini baada ya kuhitimu inahesabiwa pia kama hospitali ni ya aina hiyo. Mimi naegemea huo.

Sasa, mwanangu. Shamba lisiuzwe. Soma udaktari Nairobi au Eldoret. Najua daktari wa huko anavyosumbuliwa, mgomo wa 2024 wa siku 56 sote tuliufuata, na madaktari wa mafunzo wakaambiwa watalipwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Lakini ukishahitimu, njia ya kuja hapa ni mitihani ya leseni ya udaktari iitwayo USMLE, kisha mafunzo hospitalini ambako wewe ndiye unayelipwa, kwa kawaida zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Mtihani mmoja tu unapita dola 1,000, nafasi zinagombaniwa, na viza ni jasho lingine. Hata hivyo Wakenya ninaokutana nao wodini wamepita hapo, na hakuna aliyeanza kazi akidaiwa shilingi milioni 26.

Kukudhamini kwenye benki siwezi. Mdhamini wa mkopo wa binafsi hapa anadaiwa sawasawa na mkopaji. Ukifukuzwa chuo au ukirudi nyumbani, wanakuja kwangu, na mimi nina lundo langu. Ninachoweza ni kuchangia karo yako ya huko kila muhula. Nitumie namba ya malipo ya chuo, si ya M-Pesa ya baba yako. Anajua sababu.