Mzee Asibebwe

SWALI: Shikamoo Fundi. Tuko watu saba tunaojitolea kutunza makumbusho madogo ya mtaa hapa Pumwani, Nairobi, katika nyumba ya zamani yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Hatulipwi, na mgeni hutoa alichojaliwa. Jumamosi iliyopita alikuja mzee aliyezaliwa mtaa huu na kuhamia Dandora. Anatumia kiti cha magurudumu, na mlangoni petu kuna ngazi tatu. Vijana wanne wakambeba juujuu na kiti chake, kofia ikaanguka. Alitaka kuona kipande, kile kitambulisho cha enzi za ukoloni, kwa kuwa babake alikuwa nacho, lakini kabati la kioo liko juu ya macho yake. Aliondoka bila kusema neno. Tuna akiba ya shilingi 30,000. Tuanzie wapi?
Mjitolea, Pumwani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo kofia imeniuma. Polio ilinipata nikiwa na miaka 4, na nimefanya useremala Gikomba miaka 31 nikiwa na magongo yangu. Nimebebwa pia. Katika ofisi moja hapa mjini walinzi wawili walinipandisha ngazi wakiwa na nia njema kabisa. Walinishika makwapani, shati likapanda hadi kifuani, na watu kwenye foleni wakageuza nyuso. Nilipofikishwa juu nilikuwa nimesahau hata kilichonipeleka. Usidhani mzee wenu alinyamaza kwa kukosa shukrani.

Basi kabla hujanunua mfuko wa saruji, kubalianeni kwamba kuanzia Jumamosi hii habebwi mtu asiyeomba kubebwa. Asiyeweza kuingia, vitu vimfuate nje. Wekeni meza na kiti kivulini, mtandike kitambaa kwenye sinia, kipande kiletwe. Miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, karatasi ndani ya kijisanduku cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukikiona nyuma ya kioo ni kidude tu. Ukikishika ndipo unapojua uzito wake, na asiyeona naye atakijua kwa vidole.

Sasa rampu. Kipimo chake ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo unahitaji mita 5 na sentimita 40. Mbele ya nyumba zenu hapo ni njia ya watu na mikokoteni, nafasi hiyo utaitoa wapi? Na fundi akikwambia ataifupisha kidogo, mkatalie. Kwenye rampu fupi anayepanda hurudi kinyumenyume, na anayeshuka hutangulia na uso.

Zungukeni nyuma. Mkiwa na mlango wa uani, pimeni kizingiti chake. Kikiwa sentimita 15, mita 1 na sentimita 80 zinatosha, na akiba yenu itaanza kuonekana kubwa. Mlango wenyewe uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi ukiwa umefunguliwa. Kisha, na hili nakusihi, uani pawe ndipo wanapoingilia wageni wote. Hamisheni kibao, kitabu cha wageni na sanduku la michango. Nimechoka kuelekezwa nyuma kwenye mapipa ya taka huku wenzangu wakipita mbele.

Simama na fundi siku ya kumwaga zege. Atataka kulilainisha kwa mwiko ling'ae, maana ndivyo anavyoonyesha ufundi wake. Mvua ikinyesha, mpira wa gongo langu huteleza hapo kama juu ya sabuni. Zege likianza kushika, apitishe ufagio mgumu kukata upana, mistari ibaki. Kando zote mbili ainue kingo, gurudumu lisitoke.

Kabati likatwe miguu, kazi ya saa moja. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti yako kama sentimita 115 kutoka sakafuni, kwa hiyo rafu ya kipande iwe chini ya hapo. Maelezo yaandikwe kwa herufi kubwa nyeusi, na benchi moja iwekwe ukumbini kwa wenye magoti mabovu.

Mwenye nyumba akisita, msomeeni Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa.

Lakini msingoje zege likauke ndipo mumtafute mzee. Nendeni Dandora wawili wiki hii, mkampe pole na kipande mmekibeba. Mwacheni akishike. Mwulizeni babake alifanya kazi wapi alipokuwa nacho, na akikubali, maneno yake ndiyo myaandike kwenye kadi ya kabati lile.