Maswali ya Wasomaji: Utamu wa Tembo na Sukari ya Damu

SWALI: Marehemu baba yangu alikuwa mgema, nami nimekua nikionja tembo tamu asubuhi kabla halijachacha. Siku hizi mama yangu anaugua kisukari. Je, sukari inayodondoka kutoka mnazini ndiyo hiyo inayopimwa katika damu yake? Na inakuwaje mtu ambaye sukari yake imepanda alalamike kwamba hana nguvu, ilhali tunaambiwa sukari ndiyo inayotia mwili nguvu? (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Ndugu msomaji, tunamwombea mama yako afya njema, na tunakushukuru kwa swali lililounganisha mambo mawili ambayo vitabu vya shule huyaweka katika sura mbalimbali.

Sukari hizo mbili ni ndugu, lakini si moja. Inayotiririka ndani ya mnazi ni sukrosi, ile ile tunayoitia katika chai, na kila molekuli yake ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoshikana. Inayopimwa katika damu ya mama yako ni glukosi. Sukrosi si nyepesi kuungana na kemikali nyingine njiani, kwa hiyo huufaa mmea ambao hauna budi kuisafirisha kutoka jani la juu kabisa hadi ncha ya mzizi ulio gizani, mzizi ambao hauwezi kujitengenezea chakula na huishi kwa kile tu kinacholetwa kutoka juu.

Mmea hauna moyo wa kusukuma. Mwaka 1930 mwanasayansi Mjerumani, Ernst Münch, alieleza jambo hili kwa namna ambayo bado ndiyo msingi wa mafundisho ya leo. Majani hutengeneza sukari kwa nuru ya jua, kisha huiingiza katika mirija membamba iliyo hai iitwayo floemu. Sukari ikijaa humo, maji kutoka mishipa ya jirani huifuata kwa osmosisi, yaani huvutwa kuelekea penye sukari nyingi, na mrija hujaa shinikizo. Upande wa pili, mahali ambapo mzizi, ua au tunda linaichukua sukari hiyo, maji hutoka na shinikizo hupungua. Utomvu mtamu basi husukumwa kutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye shinikizo dogo.

Karara changa la mnazi ni mojawapo ya mahali panapopelekewa sukari nyingi, kwa kuwa humo ndimo yatakamotoka maua na hatimaye nazi. Baba yako alipolikata ncha, alifungua njia ambayo tayari ilikuwa na msukumo, na kibuyu kikapokea kile kilichokusudiwa kulisha nazi. Pengine unakumbuka kwamba alikuwa akipanda tena na tena kukata kipande chembamba. Kazi hiyo ilikuwa na sababu yake: mmea ukijeruhiwa huziba matundu ya floemu kwa protini na kwa dutu iitwayo kalosi, na bila kukatwa upya tembo hukoma kudondoka. Maarifa haya wagema walikuwa nayo mikononi mwao kabla ya hadubini kuwaonyesha wataalamu matundu hayo, nasi tunaona wanastahili heshima kubwa zaidi kuliko wanayopewa.

Sasa tuje kwa mama yako. Mtu akinywa kitu chenye sukrosi, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali mwilini) kilicho katika ukuta wa utumbo mwembamba huikata vipande viwili, glukosi na fruktosi, navyo hupitia kwanza kwenye ini. Mtu mzima mwenye afya, akiwa hajala, ana glukosi ya takribani gramu 5 tu katika damu yake yote, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Inayozidi huhifadhiwa kama glikojeni, takribani gramu 100 katika ini na takribani gramu 400 katika misuli. Akiba ya ini ndiyo inayorudishwa katika damu usiku tunapolala, ili ubongo usikose chakula. Akiba ya misuli haitoki. Msuli huitumia wenyewe.

Nguvu haipatikani glukosi ikiwa ndani ya damu. Hupatikana ndani ya seli, hasa katika mitokondria, vijisehemu vidogo vya seli ambamo glukosi huvunjwa kwa msaada wa oksijeni, ikabaki hewa ya kabonidayoksaidi na maji, na nishati yake ikahifadhiwa katika molekuli za ATP zinazoendesha kazi za seli. Seli za mnazi hufanya vivyo hivyo, mchana na usiku. Ili glukosi iingie kwa wingi katika misuli na mafuta ya mwili, inahitajika insulini kutoka kwenye kongosho. Katika kisukari, ama insulini haitengenezwi, ama ipo lakini haitoshi au mwili hauiitikii ipasavyo. Sukari hurundikana katika damu huku misuli ikikosa ya kutosha, na figo huimwaga pamoja na maji mengi kwenye mkojo. Ndiyo maana mama yako huchoka, na huenda pia akashikwa na kiu ya mara kwa mara. Chakula kimefika mlangoni, ila mlango haufunguki vizuri.

Tunaongeza jambo moja kwa sababu ya maneno tunayoyasikia, kwamba tembo tamu halimdhuru mgonjwa kwa kuwa ni la asili. Utomvu wa mnazi una sukrosi ya takribani asilimia 15. Bilauri moja ya mililita 250 ina zaidi ya gramu 35, sawa na vijiko vya chai vinane au tisa. Tafadhali mama asilinywe, na aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa na daktari.

SWALI: Sisi wakulima wa miwa tunahimizwa kuifikisha kiwandani upesi baada ya kukata. Muwa ukishakatwa, sukari yake inakwenda wapi? (Msomaji, Kilombero)

JIBU: Muwa uliokatwa bado uko hai kwa muda. Seli zake zinaendelea kupumua, na kwa kuwa haupokei tena sukari kutoka kwenye majani, hutumia akiba iliyo ndani ya shina. Wakati huo huo kimeng'enya kiitwacho invatesi huitenganisha sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, ambazo hazigandi kuwa chembe za sukari kiwandani, na bakteria huingia kupitia ncha zilizokatwa wakaila. Joto huharakisha yote hayo, na muwa uliochomwa shambani kabla ya kuvunwa huharibika haraka zaidi. Uzito kwenye mizani waweza kuonekana wa kuridhisha, lakini kiwanda hupata molasi nyingi na sukari kidogo.