Fleti katikati ya mji wa Tanga: kabla ya kutoa arubuni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Pongwe, na watoto wangu wote wamekwisha kuhamia mikoa mingine. Kila shughuli yangu, iwe benki, soko au kliniki, hunilazimu kupanda daladala hadi mjini, na magoti yananisumbua. Dalali amenionyesha fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, katika jengo la zamani karibu na Barabara ya Soko, nami nimeipenda kwa sababu ningeweza kwenda kwa miguu kila ninapohitaji. Wauzaji ni ndugu walioachiwa jengo hilo na marehemu baba yao. Wanasema kwamba hati ya jengo ni moja na haigawanyiki, lakini tutaandikiana mkataba mbele ya serikali ya mtaa, kama walivyofanya wanunuzi wawili wa ghorofa ya juu. Wanataka nusu ya bei iwe arubuni kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa bomba la mafuta la Chongoleani litapandisha bei. Je, nitoe fedha? (Mwalimu mstaafu, Pongwe, Tanga)

JIBU: Waalaikum salaam, Mwalimu, na shikamoo. Kwa sasa usitoe hata shilingi moja. Sisemi hivyo ili kukukatisha tamaa, maana shauri lako la kuhamia mjini ni zuri. Katikati ya Tanga ni tambarare, mitaa yake imenyooka na kukatana kwa mpangilio, na mtu mzima anaweza kutoka nyumbani asubuhi, akapita sokoni, benki na Maktaba, kisha akarudi kabla ya jua kuwa kali bila kulipa nauli. Hospitali ya Bombo nayo haiko mbali kwa bajaji. Kwa mtu wa umri wako huo ni uhuru hasa, na ndiyo sababu ningependa uupate kwa njia itakayokulinda.

Nianze na hilo waliloliita hati isiyogawanyika, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Tangu mwaka 2008 Tanzania inayo sheria mahususi ya umiliki wa sehemu za majengo, inayomwezesha mwenye jengo kuligawa katika sehemu zinazomilikiwa na watu mbalimbali, kila mmoja akiwa na hati yake. Ili jambo hilo lifanyike, mwenye jengo huandaa ramani inayoonyesha mipaka ya kila fleti na maeneo ya pamoja, ramani hiyo ikaidhinishwa na kusajiliwa, ndipo Msajili wa Hati anapotoa hati kwa kila sehemu. Kwa hiyo hati ya jengo hilo inagawanyika. Ukweli ni kwamba haijagawanywa, na maadamu haijagawanywa, fleti uliyoonyeshwa haipo katika daftari la Msajili. Kilichopo ni kiwanja kimoja na jengo moja, kwa jina la marehemu.

Mkataba wa serikali ya mtaa utathibitisha kwamba mlikutana, mkakubaliana na fedha zikahesabiwa, basi. Ardhi iliyosajiliwa haihami mikononi mwa mtu mpaka uhamisho wenyewe usajiliwe. Ikiwa kesho mmoja wa ndugu hao ataandikwa katika hati, akaiweka rehani benki na kushindwa kulipa deni, benki itauza jengo zima, pamoja na sebule yako. Wale wanunuzi wawili wa ghorofa ya juu hawakuthibitishii usalama wowote, kwa kuwa nao wako katika hali hiyohiyo, ila tu balaa halijawafika.

Pili, suala la mirathi. Ndugu kuwa warithi hakuwapi mamlaka ya kuuza. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kabla ya kuuza jina lake linatakiwa kuingizwa katika hati akiwa msimamizi. Omba kuiona barua ya uteuzi, kisha uombe warithi wote, wakiwemo dada zao na mjane kama yupo, watie saini ya kuridhia mauzo. Katika familia zetu za pwani mara nyingi akina dada husahauliwa wakati wa kuuza na kukumbukwa wakati wa kesi. Iwapo mjane bado anaishi humo, umwone yeye mwenyewe, uzungumze naye ana kwa ana, wala usikubali kuambiwa tu kwamba mama hana neno.

Kwa hiyo utaratibu wangu ungekuwa huu. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Kwa namba ya hati na ya kiwanja afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, na majibu yaonyeshe nani ameandikwa kuwa mmiliki, muda wa hati uliobaki, na kama kuna rehani au zuio. Muda uliobaki ni muhimu, kwa kuwa ardhi yetu ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais na hati hutolewa kwa miaka maalumu isiyozidi 99. Majengo mengi ya katikati ya mji ni ya zamani, na hati ya fleti haiwezi kuishi kuliko hati ya kiwanja chake. Aulize pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, maana deni lake hukwamisha uhamisho.

Baada ya hapo waambie wauzaji, kwa heshima lakini bila kuyumba, kwamba uko tayari kununua watakapokamilisha usimamizi wa mirathi na mgawanyo wa hati. Kama wanahitaji uthibitisho kwamba una nia, wakili anaweza kuandaa makubaliano ambayo ndani yake fedha kidogo ya kishika uchumba inakaa katika akaunti ya mawakili, na inarudi kwako isiposajiliwa sehemu kwa jina lako ndani ya muda mliokubaliana. Fedha iliyobaki ilipwe wakati wa uhamisho. Katika mkataba iandikwe pia nani analipa nini: kodi ya mapato yanayotokana na ongezeko la thamani ni mzigo wa muuzaji, ilhali ushuru wa stempu kwa kawaida hulipwa na mnunuzi.

Sasa nikupeleke ndani ya jengo lenyewe, kwa sababu mwenye fleti hanunui vyumba vyake peke yake. Ananunua pia hisa katika ngazi, paa, kuta za nje, mabomba na chemba ya maji machafu, na sheria inataka wamiliki wote wawe na umoja wao unaosimamia mali hiyo ya pamoja na kukusanya michango. Waulize wakazi wa sasa: paa lilizibwa lini, nani alilipa? Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi inatumia umeme wa LUKU ya nani? Chemba ikijaa, nani humwita mtu wa kuinyonya? Jibu likiwa ni kwamba kila mtu hujitegemea, ujue kwamba hakuna anayelitunza jengo, na gharama ya miaka yote hiyo itawaangukia nyote kwa pamoja. Binafsi ningeona afadhali fleti yenye michango mikubwa na daftari la mapato na matumizi kuliko ile isiyodaiwa chochote.

Tanga ni mji wa bahari, na chumvi ya hewani hula chuma. Simama chini ya roshani, utazame dari lake la zege. Ukiona mistari ya rangi ya kutu iliyonyooka, au plasta iliyovimba na kuacha nondo wazi, maana yake nondo zimeanza kuoza ndani, zinatanuka na kulipasua zege. Gonga kwa sarafu mahali palipovimba. Sauti ya uwazi inaonyesha kwamba zege limeachana na chuma. Kupaka rangi hakuponyi ugonjwa huo. Mlipe mhandisi wa majengo akague kabla ya kukubali bei, na umwambie apande hadi juu ya paa.

Kuhusu magoti yako, ghorofa ya kwanza ni ngazi za kupanda kila siku ukiwa na kikapu cha sokoni mkononi, na majengo mengi ya zamani hayana lifti. Zipande mara kadhaa, siku ya jua, halafu urudi hapo saa tatu usiku uone kama kuna taa njiani na kelele za maduka ya chini zinafika wapi.

Ama habari ya bomba, ni kweli kwamba bomba la kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, na shughuli zake huleta watu. Lakini hilo haliwapi wauzaji haki ya kukuharakisha kulipia kitu ambacho hawajawa na uwezo wa kisheria wa kukikabidhi.

SWALI: Mpangaji mmoja katika jengo la Shirika la Nyumba hapa mjini ananiuzia fleti yake kwa kilemba, yaani malipo ya kuniachia nafasi yake. Anasema nikishalipa itakuwa yangu. Ni kweli? (Kijana mfanyabiashara, Ngamiani)

JIBU: Si kweli. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana majengo kadhaa ya katikati ya Tanga ni ya Shirika. Mpangaji wake hana cha kuuza. Kilemba hununua ufunguo tu, na Shirika likigundua kwamba ndani yuko mtu asiye katika mkataba linaweza kukutoa, nawe hutakuwa na wa kumdai isipokuwa mtu aliyekwisha kuondoka na fedha zako. Nenda ofisi ya Shirika hapo Tanga na namba ya jengo, uulize jina la mpangaji na kama ana malimbikizo ya kodi, kisha uombe upangaji kwa jina lako mwenyewe.