MYC inaanza kusomwa wapi? Jibu kutoka maabara

Mkuu, umeuliza kwa nini MYC, jeni inayochochea seli kugawanyika, huchorwa ikiwa na mianzo miwili, na kama mfuatano wa DNA ukishajulikana, RNA, yaani nakala inayosomwa kutoka kwenye jeni, ni ya nini tena. Kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo nijibu nilivyoiona.

Mfuatano unakuonyesha mahali ambapo jeni ingeweza kuanzia. RNA ndiyo inayokuambia ilianzia wapi kweli. MYC iko kwenye kromosomu ya 8 na ina eksoni 3, yaani vipande vinavyobaki kwenye RNA iliyokamilika. Ile ya kwanza karibu yote haitengenezi protini, lakini humo ndimo zilimo promota mbili kuu, yaani sehemu zinazoanzisha kunakili, P1 na P2, zilizoachana kwa nyukleotidi 160 hivi.

Kuupata mwanzo huo, sisi tulitumia njia ya S1. Unachukua DNA ya uzi mmoja, unaitia fosforasi ya mionzi ncha moja tu, unaiacha ishikane na RNA usiku kucha, kisha unaweka kimeng'enya cha S1 kinachokula kila uzi usio na mwenzake. Kilichosalia unakipitisha kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu: urefu wake ndio umbali kutoka kwenye alama hadi RNA inapoanzia. Filamu inayonasa mionzi hiyo, kwa seli za kawaida, inakuonyesha mstari mzito wa P2, na juu yake mwembamba wa P1.

Usiishie hapo, rudia kwa praima, kipande kifupi cha DNA kinachoshika RNA ili kimeng'enya kiinakili kuwa DNA hadi inapoanzia. Ila kimeng'enya hicho hukwama penye herufi G na C nyingi, na mkwamo huo kwenye jeli hufanana kabisa na mwanzo wa jeni. Mimi naamini mstari unaotokea kwa njia zote mbili.

Kwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga iliyoelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, MYC mara nyingi hujikuta kromosomu ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Kwa wagonjwa wa ukanda wetu mkatiko wa kromosomu mara nyingi huwa mbali nje ya jeni. Kwa wale wa Marekani mara nyingi hupita eksoni ya kwanza au introni yake, yaani sehemu inayoifuata ambayo hukatwa kutoka kwenye RNA. Ukipita kwenye introni, P1 na P2 zote hutengwa na jeni na RNA huanzia ndani ya introni hiyo. Kwa hiyo pima RNA ya uvimbe wenyewe.

Tena, wingi wa RNA si kasi ya kunakiliwa. RNA ya MYC hubaki nusu ndani ya nusu saa hivi. Seli za HL-60, za saratani ya damu zinazokuzwa maabara, zikikomazwa, kunakili huanza vizuri kisha hukwama karibu na mwisho wa eksoni ya kwanza. Hilo utaliona ukitenga viini vya seli na kupima RNA inayotengenezwa humo, kwa probu mbili, yaani vipande vya DNA vinavyonasa RNA inayolingana navyo: moja ya eksoni ya kwanza, nyingine ya pili.